Simu Iliyoshikwa na Mtani

Ijumaa ile, saa tatu kasoro asubuhi, Shamimu binti Mfaume alikuwa amesimama nje ya geti la mjane huko Chanika, anagonga kwa jiwe, na hafunguliwi. Ndani alisikia mtu anafagia uwanja. Fagio lilinyamaza kila alipogonga, kisha likaendelea. Mtu akikufanyia hivyo usijidanganye kwamba hajakusikia. Kakusikia na kakukataa. Siku nyingine Shamimu angesonya akaenda zake, maana hasira zake haziko mbali. Siku hiyo hakuweza. Muda wake ulikuwa unakwisha saa sita mchana, na yule aliyekuwa anafagia ndiye tumaini lake la mwisho.

Ngoja nikueleze kilichomfikisha hapo, usije ukamwona mwehu bure.

Kuna mahali mtandaoni panaitwa Depo. Walipaanzisha vijana wawili huko ughaibuni, miaka ya elfu mbili mwanzoni, kwa nia safi kabisa. Mtu akiandika programu ya kompyuta na akataka kuigawa bure pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi yenyewe yanayoiendesha, ili mwingine ayasome na kuyarekebisha, basi Depo walimpa chumba cha kuiweka, hawamdai hata senti. Programu huria, ndivyo zinavyoitwa. Watu wakajaa. Ilifika wakati ukitaka programu ya bure, popote ulipo duniani, unabisha hodi Depo kwanza.

Marehemu Albano Komba alibisha hodi mwaka 2007, akiwa kwenye intaneti kafe moja ya Sinza iliyobanwa na baa huku na gesti kule. Mngoni wa Songea, mpole, mbishi kama nini. Hapo ndipo alipoiweka programu yake aliyoiita Kumbusho, inayomwambia nesi wa zahanati mtoto gani anatakiwa kuchanjwa lini. Miaka sita baadaye Shamimu, fundi kompyuta wa Mbagala Rangi Tatu, akaiona ina kosa, akalirekebisha, akamtumia mtu asiyemjua. Albano akajibu anashukuru, na akauliza kama kuna mengine. Kuanzia hapo wakawa wanaandika pamoja, mmoja Chanika, mwingine Mbagala, wanaonana labda mara mbili kwa mwaka.

Depo nayo ikauzwa. Ikauzwa tena. Kila aliyeinunua alitaka faida kwenye kitu kilichoanzishwa kiwe cha bure, na mambo huozea hapo siku zote. Ukifungua ukurasa unakuta vitufe vitano vya kupakua, vinne vya uongo. Wenye miradi mikubwa wakafungasha wakahamia kwingine. Shamimu akamwambia Albano na sie tuhame, Albano akasema nyumba haihamwi kwa sababu ya kunguni. Kunguni! Baada ya hapo wenye Depo wakaanza mchezo mchafu. Chumba ambacho mwenyewe kanyamaza wanatangaza kimetelekezwa, wanabadilisha kufuli, halafu programu iliyomo wanaifunga upya pamoja na matakataka yao, matangazo yanayojifungua yenyewe na vidudu vya kupekua kompyuta ya watu. Jina la juu wanaliacha lilelile la mwandishi.

Jumanne ya wiki hiyo, barua pepe iliwafikia wote waliowahi kuchangia Kumbusho. Depo walisikitika kuarifu kwamba mmiliki wa mradi amethibitisha hayupo tena, hivyo Ijumaa, saa sita mchana kwa saa za Dar, mradi utaingia chini ya uangalizi wao. Uangalizi wa fisi kwa mbuzi. Shamimu aliisoma amesimama dukani, ikabidi atafute kiti. Zahanati arobaini na moja, kuanzia hapo Chanika hadi Tandahimba na visiwa vya Rufiji, zinatumia Kumbusho, na kila Ijumaa saa kumi alasiri kompyuta zao huenda zenyewe Depo kuchukua toleo jipya, bila kumuuliza mtu. Aliyezifundisha njia hiyo ni yeye mwenyewe Shamimu, ili manesi wasisumbuke. Depo wakiweka uchafu wao saa sita, saa kumi utakuwa umeingia zahanati zote arobaini na moja, kwenye kompyuta moja moja kuukuu zenye majina ya watoto, tarehe zao na namba za simu za mama zao.

Dawa ilikuwepo. Toleo jipya la kuzihamisha kompyuta hizo kwenda mahali pengine salama, alishaliandika usiku na mchana, limekamilika. Ila toleo hutolewa na mmiliki peke yake, na mmiliki alikuwa Albano, na Albano alikuwa na miezi kumi na moja makaburini. Alhamisi nzima Shamimu alishinda anapiga simu zahanati moja baada ya nyingine awaombe wachomoe mtandao. Kumi na saba walipokea. Tisa walielewa. Depo aliwaandikia barua nne, akajibiwa na mashine.

Sasa hili la mmiliki mmoja lilikuwa na kidonda chake. Wiki ile aliyofariki Albano walikuwa wamegombana kwa ajili ya jambo hilo hilo. Shamimu alitaka na yeye apewe ufunguo, akamwambia miaka yote hii naandika nusu ya programu halafu naomba ruhusa kama mgeni. Albano akasema nyumba ya funguo mbili ina wenyewe wawili, na wenyewe wawili hugombana. Waliachana kwa maneno makali. Siku tatu baadaye, Alhamisi mchana, simu ya Albano ikaita kwa Shamimu mara tatu. Shamimu aliliona jina, akailaza simu kifudifudi mezani, akaendelea na kazi. Jioni akaambiwa presha imepanda, Albano hatunaye. Jambo hilo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Depo, ili wakufungulie chumba, wanatuma ujumbe kwenye namba ya simu ya mmiliki. Namba ya Albano ilikuwa kwenye kitochi chake cha zamani, simu ndogo ya vitufe, na kitochi hicho kilishikwa na mtani.

Wangoni na Wahehe ni watani, hilo linajulikana. Siku ya mazishi Gaspar, Mhehe, fundi wa kuchomelea mageti kule Kibamba na rafiki wa Albano wa miaka mingi, alifanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wa marehemu, akajilaza kwenye mkeka wa wafiwa akitangaza kwamba Mngoni huyu aliwakimbia Wahehe vitani na leo kakimbia tena. Waombolezaji walicheka na machozi yakiwatoka, ndiyo faida ya mtani. Kasoro mjane. Mwalimu Filomena alikuwa ameokoka miaka mitatu nyuma na mambo hayo kayaweka kundi moja na matambiko. Alisimama mbele ya watu akamfukuza Gaspar kama mbwa. Gaspar akaondoka bila neno, ila alipita mezani akachukua kitochi cha marehemu, kwamba ameshika, na kwa desturi ya utani wenye msiba waje wakomboe kwa chochote. Hakuna aliyekwenda. Siku ya tatu Filomena akavunja matanga, mrithi hakutajwa, watu wakarudi makwao na minong'ono yao.

Jumatano Shamimu alikwenda Kibamba peke yake, na huko ndiko alikoharibu. Alimkuta Gaspar anachomelea, hakumwamkia, akatoa laki moja akamwambia nipe simu. Gaspar akasema haiuzwi, aje mfiwa. Akaongeza hadi laki mbili. Gaspar akacheka. Basi Shamimu akapandwa na hasira zake, akamwita mwizi mbele ya mafundi wenzake, akaenda mpaka ofisi ya serikali ya mtaa kumshtaki. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akauliza huyo unayemshtaki ni mtani wa marehemu? Akafunga daftari lake. Kesi ya utani haina hakimu, alisema, na wewe Mzaramo mzima unashindwaje kujua hilo, kwenu Wanyamwezi hawachukui viatu vyenu msibani? Ukweli Shamimu alikuwa anajua. Alijua vizuri sana. Hasira ilitangulia, akili ikafuata nyuma inahema.

Ndipo akabaki na Filomena, mtu ambaye hakuwahi kupokea simu yake hata moja tangu mazishi.

"Mwalimu," alisema kwa mdomo uliobandikwa kwenye upenyo wa geti, "kuna mtu kawajibu wazungu kwa jina la mumeo. Kawaambia hayupo tena."

Fagio likanyamaza, na safari hii halikuendelea. Geti likafunguliwa kiasi cha uso. Filomena alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, amejifunga kitenge kifuani, na macho ya mwalimu aliyesahihisha madaftari mengi. Shamimu akamwamkia. Shikamoo haikuitikiwa.

"Nani kajibu?"

Shamimu akasema hajui, lakini namba ni ya Albano na simu anayo Gaspar. Akaeleza mengine harakaharaka, zahanati, saa sita, saa kumi, akijua hayaingii. Hayakuingia kweli. Filomena hakujali Kumbusho. Aliichukia tangu zamani, kitu kilichokaa na mumewe jioni zote yeye akiwa anakula peke yake, na kilimletea mwanamke wa Mbagala ambaye kila siku ana la kusema. Kilichomwinua ni Gaspar. Kwamba yule Mhehe, mwaka mzima baada ya kufukuzwa, bado anavaa jina la Albano kama alivyovaa koti lake! Akaingia ndani, akatoka na viatu na mkoba, akasema twende nikamtapishe.

Bajaji ikawabeba. Kutoka Chanika hadi Kibamba ni kukata mji kwa nje, Pugu, Kinyerezi, Mbezi, na kila mahali barabara inatengenezwa. Kinyerezi wakasimamishwa nyuma ya greda kwa dakika ishirini na tano. Shamimu alihesabu moja moja. Alimbembeleza dereva apite pembeni, dereva akamwonyesha mtaro, sista utanizikia humo. Filomena alitazama nje muda wote, mkoba magotini, hakutoa neno hadi walipoiona Morogoro Road.

"Siku ile alifia peke yake," alisema bila kugeuka. "Lakini wewe alikupigia. Shemeji yangu aliiona kwenye simu kabla yule mshenzi hajaichukua. Mtu wa mwisho kupigiwa ni wewe."

Shamimu akaitazama saa. Filomena naye hakuuliza zaidi, kana kwamba hataki kujua, au anajua kwamba akishajua hataweza kurudi nyuma. Dereva akakunja kuingia Kibamba. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na nane.

Gaspar aliwaona wanashuka, akazima mashine, akavua miwani ya kuchomelea. Furaha ilimjaa usoni, masikini, alidhani mambo yanakwisha kwa heri. Akamwita Filomena shemeji. Akaingia kibandani akatoka na kitochi kimefungwa kwenye kitambaa safi, akakiweka juu ya bati la geti ambalo halijakamilika. Kilikuwa kimejaa chaji. Kila mwezi, alisema, alikitilia vocha ya mia tano laini isifungwe, maana mtani akishika kitu lazima akirudishe kama alivyokichukua. Kupiga hakuwahi kupiga.

"Nani alijibu kwamba Albano hayupo?" Filomena alimkata.

"Mie," Gaspar akasema. Hakuona haya hata kidogo. Akawaonyesha. Mwezi uliopita ujumbe uliingia kwa Kiingereza, akasomewa na mteja mmoja. Albano, mradi wako umekuwa kimya, je, bado upo? Bonyeza moja kama upo, mbili kama haupo. Ukaja mara ya pili, ukaja ya tatu. Yeye mtani ndiye mdomo wa marehemu, alisema, wafiwa wamenyamaza, nani mwingine ajibu? Angebonyeza moja angekuwa mwongo. Akabonyeza mbili.

Shamimu alitaka kumrukia, na hapo hapo akaona hana la kumlaumu, kwa sababu mtu huyu ndiye peke yake katika msiba mzima aliyeulizwa habari ya Albano akasema kweli. Akamweleza maana ya ile mbili. Alimweleza polepole, akitaja zahanati, na moja ilikuwa ya hapo hapo Kibamba ambako mjukuu wa Gaspar anapelekwa kliniki. Rangi ikamtoka yule mzee.

"Ichukueni," alisema, akikisukuma kitochi. "Sitaki ikombolewe. Utani umenishinda."

Saa tano na dakika thelathini na saba. Shamimu akatoa kompyuta yake ndogo begini, akaifungua juu ya lile bati, akaunganisha bando la simu, akabisha hodi Depo kwa jina la Albano. Kitochi kikalia. Ujumbe ulisema kwamba kwa kuwa mmiliki alishathibitisha hayupo, moja haitoshi tena. Ofisa atapiga simu kwenye namba hii ndani ya dakika kumi, mmiliki aongee mwenyewe.

Mafundi wa jirani waliacha kugonga vyuma.

Gaspar ndiye aliyeanza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza. Alimjua Albano miaka ishirini, anaongea kama yeye, hata kile kikohozi chake kabla ya kuanza sentensi anacho, na Kiingereza cha ndiyo na hapana hakimshindi. Akajaribu. Akakohoa, akasema, haloo, Komba hapa. Shamimu nywele zilimsimama, kwa sababu alikuwa Albano kabisa. Filomena aligeukia ukutani akashika mdomo.

Shamimu hakusema usifanye. Nami sitamtetea. Kwa dakika zile angemruhusu shetani mwenyewe aongee, mradi saa kumi isikute mlango umefunguliwa. Zilipita dakika nne, tano, saba. Kitochi kikaita saa tano na dakika arobaini na sita, kwa ule mlio mwembamba wa simu za zamani. Gaspar akanyoosha mkono, na Filomena akamtangulia.

Mwalimu yule aliongea Kiingereza chake cha darasani, kilichonyooka, kila neno mahali pake. Alisema hapana, huyu si Albano Komba. Albano Komba alifariki mwaka jana, mwezi wa saba, tarehe kumi na nane. Anayeongea ni mke wake. Na mradi haukutelekezwa na mtu.

Kumbusho imekwenda, Shamimu aliwaza. Upande wa pili kijana wa Depo alisema pole, akaomba asubiri. Sauti yake ilisikika hadi nje, kitochi kile hakina siri. Aliporudi alisema kanuni ipo, haitumiki mara nyingi. Mwenza wa marehemu anaweza kumtaja mmiliki mpya kwa mdomo, simu inarekodiwa, vyeti vitafuata. Akauliza tarehe ya kuzaliwa ya marehemu na barua pepe yake, Filomena akazitaja bila kusita. Akauliza sasa mmiliki mpya ni nani, na tafadhali iwe haraka, kwa sababu saa sita mashine inachukua yenyewe na yeye hawezi kuizuia. Zimebaki dakika kumi na moja.

Filomena akafunika kitochi kwa kiganja. Hakumtazama Gaspar. Alimtazama Shamimu, muda ambao Shamimu aliuona mrefu kuliko barabara yote ile.

"Alikwambia nini siku ile?"

Jibu tamu lilikuwa pale pale ulimini. Alikutaja wewe, Mwalimu. Alisema anakupenda. Nani angembisha, marehemu? Zahanati arobaini na moja zilikuwa zinangoja sentensi moja ya uongo, na uongo wenyewe ungemfariji mjane. Shamimu alijiona anaanza kuitamka. Kisha akamwona Filomena alivyomkazia macho, mwanamke aliyetoka kusema kweli kwenye simu wakati kweli ingeweza kuharibu kila kitu, na ulimi ukamkataa.

"Sikupokea," alisema. "Alipiga mara tatu. Niliona jina lake nikailaza simu mezani. Nilikuwa nimemnunia kwa ajili ya huo ufunguo. Sijui alitaka nini, Mwalimu. Sitajua."

Uso wa Filomena haukubadilika. Kijana wa Depo aliuliza kama bado yupo hewani. Gaspar alianza kusali chini kwa chini.

"Mie alinipigia kabla yako," Filomena akasema hatimaye. "Nilipokea. Nikamwambia niko darasani, nikakata, hakuwahi hata kusema. Mwaka mzima nimekuchukia, nikidhani wewe ulimsikiliza."

Akaondoa kiganja kwenye simu. Akasema mmiliki mpya ni Shamimu Mfaume, akalitaja jina herufi moja moja kama anavyowatajia watoto imla, akalirudia mara ya pili bila kuombwa. Kijana akasema amepata. Kwenye kompyuta ya Shamimu ukurasa ukagoma, bando linasuasua, ukagoma tena, halafu ukafunguka, na kwa mara ya kwanza jina lake lilikuwa juu. Akaachia toleo lake. Alitazama mstari unajaa, robo, nusu, ukasimama kwenye robo tatu, akaomba Mungu kwa sauti bila kujali nani anamsikia. Saa sita kasoro dakika tatu mstari ukajaa. Saa kumi kompyuta zote zingelikuta toleo hilo, zingehama, na zisingerudi Depo tena.

Gaspar alivuta kigoda akakaa, akajifuta uso kwa kile kitambaa. Filomena alibaki amesimama, kitochi mkononi. Alikigeuzageuza, akabonyeza mpaka kwenye namba zilizopigwa siku ile, akazisoma zote mbili, yake na ya Shamimu, zikifuatana. Kisha akamgeukia yule Mhehe aliyemfukuza, akamwambia awe shahidi, maana leo ndiyo wanamaliza matanga. Gaspar akasimama, akavua kofia.

"Umerithi," Filomena alimwambia Shamimu. "Watu wa zahanati watakupigia na shida zao. Wengine watakuudhi. Hata ukiwa umewanunia, pokea."

Shamimu akaitikia kwa kichwa. Halafu akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi la chuma, akamlilia Albano kwa mara ya kwanza tangu azikwe.